Kabla hujalipia kitabu cha biashara au kundi la VIP: namna ya kulipima belo lililofungwa

Pale soko la Memorial, Moshi, hufunguliwi belo la mitumba kabla hujalipa. Unaona mzigo umekazwa mikanda, kilo 45, umeandikwa nguo za watoto, na muuzaji anakuapia kwamba ni gredi ya kwanza. Ukishakata mikanda ni wako, ukute magauni au ukute matambara. Hata hivyo mama wa siku nyingi hanunui gizani. Anauliza nani alifungua mzigo wa aina hiyo wiki iliyopita na alitoa vipande vingapi vya kutundika. Anasoma karatasi iliyoshonewa ubavuni. Anaminya pembe asikie kama ndani kuna jinzi au mashuka.

Mwaka wa tisa sasa nauza nguo za watoto pale, na hayo yote nayajua. Siku niliyonunua kitabu cha biashara mtandaoni niliyasahau. Tangazo lilinikuta usiku, nimechoka, mauzo ya siku yamelala. Bei Sh 15,000. PDF ilifika dakika ileile. Kurasa 38, na kati ya hizo 9 zilikuwa picha za watu waliovaa suti wakiichekea kompyuta. Zilizobaki ziliniambia niamke saa kumi na moja alfajiri. Mimi huamka saa kumi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na linki ya kundi la VIP la WhatsApp, Sh 20,000 kwa mwezi. Nikaingia, nikakaa miezi mitatu. Jumla Sh 75,000, na hapo sijaweka makato ya kutuma.

Sikutapeliwa, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Yule mtu aliniuzia kitabu nikapata kitabu, akaniuzia kundi nikapata kundi. Maonyo tunayopewa kila siku ni ya matapeli wanaopokea hela na kuzima simu. Hao wapo, nitawagusa mbele. Ila mimi na wenzangu wengi sokoni tumepoteza zaidi kwa bidhaa halali, zilizotufikia salama, zisizotusaidia kitu. Kwa hiyo kujiuliza "huyu ni tapeli?" hakutoshi. Jiulize: nikishalipa, Jumatatu nitafanya kitu gani ambacho leo sikiwezi? Na hicho kitu, kweli sikipati kwa nauli ya daladala?

Hatua ya 1: Andika unachotafuta

Chukua karatasi. Funga tangazo kwanza, maana tangazo limeandikwa na mtu anayejua kukutamanisha. Andika sentensi moja ya kitu unachotaka kukijua. Moja tu.

Juzi kuna binti jirani yangu wa kizimba, anauza sabuni, alikuja na simu mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vipi?"

"Dada, kuna kitabu hapa elfu kumi na tano, ofa inaisha saa sita usiku. Ninunue?"

"Kinafundisha nini?"

"Biashara."

"Biashara gani, mdogo wangu?"

Akacheka. "Biashara tu, dada. Ya mtandaoni."

Nikampa kalamu. Ilimchukua karibu nusu saa, katikati ya wateja, kuandika: "Nataka kujua sabuni yangu ya mche niiuze bei gani kwa duka la jumla la Arusha ili nauli isile faida." Sasa hapo kuna kitu cha kutafuta. Tukafungua tangazo upya, tukasoma kilichoahidiwa: uhuru wa kifedha, siri saba za matajiri, kufanya kazi ukiwa nyumbani. Nauli ya mzigo kwenda Arusha haikutajwa popote.

Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, usinunue chochote wiki hii.

Hatua ya 2: Angalia kama hakipo bure hapahapa

Hatua hii ndiyo inayookoa hela nyingi kuliko zote, na ndiyo watu wanairuka kwa sababu inataka kutembea.

Nimeona PDF zinazouzwa zikifundisha "siri ya kupata TIN". TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa na TRA bila malipo. Nimeona nyingine za kusajili jina la biashara, wakati usajili wenyewe unafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ada zake zimetangazwa wazi na BRELA wenyewe. Nimeona hata kitabu cha kukufundisha kupata mkopo wa halmashauri. Huu ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Atakayekueleza masharti yake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na huyo analipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo. Ukimkosa leo, kesho yupo.

Kwa wanaotengeneza vitu, kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo. Shirika hili lipo tangu mwaka 1973 na lina ofisi Moshi na Arusha. Wanafundisha usindikaji, utengenezaji wa sabuni, ufungashaji, na wanajua njia ya kufika TBS, shirika la viwango, kwa mjasiriamali mdogo. Mafunzo yao yakiwa na ada, linganisha ada hiyo na bei ya PDF, ukikumbuka kwamba pale unashika sufuria kwa mkono wako na mwalimu anaona unapokosea. PDF haikuoni.

Kilimo ndiko kunakonisikitisha zaidi. Mtu yuko Usa River ananunua kitabu cha nyanya au parachichi kutoka kwa kijana wa Dar es Salaam asiyewahi kupalilia, na kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha TARI kipo Tengeru, barabara hiyohiyo anayopita na Costa kila wiki. Kahawa je? TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, makao yake yako Lyamungu, wilayani Hai. Ukitaka mambo ya ushirika na uendeshaji wa vikundi, Moshi tuna Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963. Watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kusoma hapo, sisi wenyeji tunapita getini tukielekea kununua bando la kupakulia PDF.

Sisemi kila kitu kipo bure. Namna ya kupiga picha nguo kwa simu ya kawaida ili rangi isidanganye, namna ya kumjibu mteja wa Instagram anayeuliza bei kisha ananyamaza, mambo kama hayo hayapo ofisi yoyote ya serikali. Hapo kitabu kizuri kina nafasi yake. Twende mbele.

Hatua ya 3: Mjue muuzaji anakula wapi

Yaani hela yake inatoka wapi. Anayekufundisha kuuza sabuni, anauza sabuni? Au anauza vitabu vya kuuza sabuni? Hakuna dhambi katika la pili, mwalimu naye hula kwa chaki. Lakini mtu wa namna hiyo ushahidi wake ni wanafunzi wake, gari lake halihusiki. Kama gari limenunuliwa kwa Sh 15,000 zangu mimi na zako wewe, linathibitisha tu kwamba anajua kuuza PDF.

Simu yako inaweza kukuambia mengi kabla hujamuuliza yeye. Kwenye Instagram, gusa vidoti vitatu juu ya ukurasa wake, kisha sehemu ya kuhusu akaunti hiyo. Kwa akaunti nyingi kubwa utaona ilifunguliwa lini na imebadilisha jina mara ngapi. Niliwahi kukuta "kocha wa biashara" ambaye akaunti yake ilikuwa imebadili jina mara 6. Nikashuka hadi picha za chini kabisa: zilikuwa vichekesho vya wasanii. Akaunti ilikuwa imenunuliwa pamoja na wafuasi wake.

Telegram ni rahisi zaidi. Chini ya kila chapisho la chaneli kuna alama ya jicho na namba ya walioliona. Chaneli ina watu 40,000, na machapisho ya wiki iliyopita yameonwa na watu 300? Wale wengine 39,700 ama hawapo ama walishakimbia.

Na hii ya tatu naipenda kuliko zote. Facebook wana ukurasa wa wazi unaoitwa Maktaba ya Matangazo. Unaandika jina la ukurasa wa muuzaji, unaona matangazo anayolipia sasa hivi na tarehe kila moja lilipoanza. Tangazo linalosema "zimebaki nafasi 7 tu" likiwa limeanza miezi minne iliyopita, basi hizo nafasi 7 zina uhai mrefu. Saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye tovuti yake nayo ijaribu: fungua tovuti hiyohiyo kwa simu ya jirani. Ikianza upya kutoka mwanzo, ofa haiishi leo wala kesho.

Halafu shuhuda. Picha za mazungumzo ya WhatsApp, "kocha nimepiga laki tano wiki hii", zinatengenezwa kwa dakika mbili na mtu yeyote mwenye laini mbili za simu. Usizisome. Mwombe muuzaji kitu kimoja: mtu aliyenunua zaidi ya miezi sita iliyopita, uongee naye kwa sauti. Ukimpata muulize alibadilisha nini hasa kwenye biashara yake, na muulize bila aibu kama analipwa kamisheni.

Kamisheni ni jambo la kulielewa vizuri. Vitabu na kozi nyingi za mtandaoni zina mpango wa kumlipa kila anayeleta mnunuzi, na kwa bidhaa za kidijitali fungu hilo linaweza kufika nusu ya bei au kuzidi, kwa kuwa nakala ya pili ya PDF haina gharama ya kuitengeneza. Ndiyo maana rafiki yako wa sekondari, ambaye hamjaongea miaka kumi, ghafla anakutumia linki. Iangalie hiyo linki yenyewe. Ikiwa na maneno kama "ref" au "aff" yakifuatiwa na jina au namba, ujue aliyekutumia ana lake. Hilo peke yake si kosa. Ushauri wake upokee tu kama unavyopokea wa dalali wa stendi: ukweli unaweza kuwemo, lakini analipwa ukipanda basi.

Hatua ya 4: Omba ukurasa wa katikati

Kila muuzaji atakuonyesha jalada. Wengine watakupa yaliyomo. Wewe omba yaliyomo pamoja na ukurasa mmoja wa katikati utakaouchagua mwenyewe: "Naomba nione ukurasa wa 20." Utangulizi huandikwa kwa jasho. Katikati ndiko mwandishi anapochoka, kama alikuwepo mwandishi.

Nasema hivyo kwa sababu kuna biashara watu wengi hawaijui. Huko nje kuna vitabu vinavyouzwa pamoja na haki ya kuviuza tena. Mtu ananunua furushi la mamia ya vitabu vya Kiingereza kwa dola chache, anaruhusiwa kubadilisha jalada na kuweka jina lake. Hapa kwetu anakipitisha kwenye programu ya kutafsiri, anaweka picha yake, na kesho ni mwandishi. Wakati mwingine ni halali kabisa kisheria. Ila kitabu kiliandikiwa mtu wa Ohio, Marekani.

Utakijua kwa harufu. Kinakwambia uandae ofa ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani. Kinakwambia upokee malipo kwa PayPal bila kugusia Mtanzania atazitoaje hizo hela. Bei zote ni dola. Wateja hawana majina wala mitaa. Hakuna sehemu yenye M-Pesa, hakuna mzigo unaosafiri kwa basi, hakuna mteja anayesema "nakutumia jioni" na asitume. Na Kiswahili chake kinaenda upogo, sentensi ndefu ambazo hakuna mama yeyote aliyewahi kuzitamka.

Ukipata hata aya moja, ifanyie hivi: itafsiri kwa Kiingereza kwa programu ya simu, chukua sentensi moja isiyo ya kawaida, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute Google. Mara mbili nimekuta maandishi yaleyale yakitolewa bure.

Muuzaji akisema "kitabu ni siri, lipa kwanza", amekujibu. Hata Amazon wanakuruhusu kusoma kurasa za mwanzo za vitabu vyao vingi vya Kindle bila kulipa, na wao hawakujui.

Hatua ya 5: Mtege kwa unachokijua

Usimpime mwandishi kwa usichokijua, atakushinda. Tafuta kwenye kurasa za mfano sehemu inayogusa kazi yako mwenyewe.

Kitabu changu cha Sh 15,000 kilikuwa na aya moja kuhusu mitumba. Ilisema: fungua belo, chagua nguo bora, zisizofaa zirudishe kwa msambazaji. Nilicheka peke yangu kizimbani. Nani anapokea matambara yaliyorudishwa? Aliyeandika hivyo hajawahi kushika mkasi wa kukata mikanda, na kama amekosea hapo nitamwamini vipi kwenye sura ya kodi?

Kwa sabuni mtego ni rahisi, na wenyewe ni wa usalama. Angalia kostiki, yaani soda kali ya kutengenezea sabuni, inapimwaje. Kitabu kikisema "vijiko vitatu", kifunge. Kostiki hupimwa kwa mizani, na kila mafuta yana kiasi chake: kilo moja ya mafuta ya nazi inataka takriban gramu 183, mawese takriban 141, alizeti takriban 135. Mtu aliyekupa kipimo kimoja kwa mafuta yote atakupa sabuni inayochubua mikono ya wateja wako, au isiyogandamana. Angalia pia kama kinasema kostiki ndiyo inamwagwa kwenye maji taratibu. Anayekuagiza kumwaga maji juu ya kostiki anakuagiza kuungua.

Unafuga kuku? Tafuta ratiba ya chanjo. Unashona? Tafuta vipimo. Kila kazi ina sehemu ambayo mjuzi hawezi kukosea na mbabaishaji hawezi kuipatia.

Hatua ya 6: Igeuze bei iwe vipande

Mimi kwa nguo moja ya mtoto faida yangu ni kama Sh 1,500 siku ya kawaida. Kitabu cha Sh 15,000 ni nguo 10. Nikishakiona hivyo, nauliza: kitaniletea nguo 10 zaidi ya ninazouza sasa? Lini?

Nina mfano wa kitabu kilichonijibu ndiyo, nisije nikaonekana nachukia vitabu. Kilikuwa Sh 8,000, kurasa 22, hakina picha ya mtu hata mmoja. Aliyekiandika ni mama anayetuma nguo mikoani kwa basi. Alieleza namna ya kukunja ili mfuko uwe mdogo, nini cha kuandika juu ya mzigo na wino gani haufutiki kwa mvua, ujumbe wa kumtumia mteja asubuhi mzigo unapoondoka, na namna ya kugawana nauli na mteja bila ugomvi. Nilianza kutuma Arusha na Babati. Wiki ya pili kilikuwa kimerudi. Lugha yake ya kawaida kabisa, makosa ya herufi kibao.

Uanachama unataka hesabu nyingine, kwa sababu haununui mara moja. Sh 20,000 kwa mwezi ni Sh 240,000 kwa mwaka. Hiyo kwangu ni nguo 160. Ndugu yangu, nguo 160 ni miezi ya watu wengine.

Kabla ya kujiunga, mwombe msimamizi akuonyeshe mwezi mmoja uliopita, wote, siyo masomo matatu bora. Mimi nilifanya hesabu hiyo nikiwa nimeshachelewa. Mwezi wangu wa tatu kundini nilikaa jioni moja nikahesabu jumbe: 212. "Asante kocha", "amina" na "tupo pamoja" zilikuwa 140. Nukuu za asubuhi zilikuwa 28. Masomo yalikuwa 11, na 7 kati ya hayo yalikuwa video za YouTube ambazo ningezipata mwenyewe. Jumbe zilizobaki zilikuwa matangazo ya kozi yake nyingine.

Halafu nilitambua jambo ambalo hakuna tangazo linalolisema. Niko kundi lingine la akina mama 19 wa mitumba, ada yake Sh 2,000 ya kumlipa katibu bando. Hakuna kocha. Mtu anaandika: leo mzigo wa sweta umeshuka, bei hii, nilifungua mmoja umetoa vipande hivi. Mwingine anauliza nani tuchangie usafiri kutoka Dar. Thamani yote ya kundi hilo wanaileta wanachama wenyewe. Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu kundi la kulipia, swali langu la kwanza ni kama wanachama wanaruhusiwa kuandika. Kundi ambalo msimamizi peke yake ndiye anayeongea ni redio, na redio nyumbani ninayo.

Hatua ya 7: Uliza ngazi zina vidato vingapi

Kitabu cha bei chee mara nyingi ni mlango. Nyuma yake kuna kozi, nyuma ya kozi kuna VIP, nyuma ya VIP kuna "kukaa na kocha ana kwa ana". Uliza mapema, kwa maandishi: ili nipate yote unayofundisha, jumla ni shilingi ngapi? Anayekwepa swali hilo amekuonyesha kwamba ngazi ipo na ni ndefu.

Wenzetu Marekani waliona mwisho wa ngazi kama hiyo. Mwaka 2018 tume ya serikali yao inayosimamia biashara, FTC, iliishtaki kampuni iliyoitwa MOBE. Walikuwa wakiuza mfumo wa hatua 21 za kutajirika mtandaoni. Kiingilio kilikuwa dola 49. Ndani, mtu alisukumwa kununua uanachama wa daraja la juu na la juu zaidi, wengine wakafika makumi ya maelfu ya dola. Na njia kuu ya kuzirudisha? Kuwauzia wengine uanachama uleule.

Hapo ndipo mstari ulipo. Siku utakayoambiwa kwamba faida yako itatokana na watu utakaowaleta, acha kujadili ubora wa kitabu, maana kitabu hakihusiki tena. Watanzania hatuhitaji kufundishwa na Marekani kwenye hili. DECI, ule upatu wa kuvuna hela za wanaofuata, tunaikumbuka, mwaka 2009, na maneno yake ya "kupanda mbegu". Siku hizi mbegu inaitwa uwekezaji wa kidijitali na inakuja na PDF.

Hatua ya 8: Kulipa

Umepita hatua zote na bado unakitaka? Lipa, lakini kwa akili.

Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Jina likiwa la mtu tofauti kabisa na anayeuza, uliza kwanza. Lipa Namba yenye jina la biashara inatia moyo zaidi, na unaweza kulitafuta jina hilo kwenye mfumo wa BRELA. Ujumbe wa muamala usiufute. Atakayekuomba namba yako ya siri au tarakimu zilizokuja kwenye ujumbe, kwa sababu yoyote ile, huyo ndiye yule tapeli niliyeahidi kumgusa. Ujumbe wake na namba yake vitume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Kwa vitu vya nje, fahamu siku zako za kurudisha. Udemy, wanaouza kozi mtandaoni, wanakupa siku 30 kwa kozi nyingi, Kindle siku 7 kwa kitabu ulichokosea kununua. Uanachama wa nje hujikata wenyewe kwenye kadi kila mwezi, kwa hiyo tumia kadi ya mtandaoni kama ile ya Visa ya M-Pesa na uiache na kiasi cha mwezi mmoja tu. Na sitisha uanachama kwenye akaunti yako mara tu baada ya kulipa. Kwa huduma nyingi utaendelea kuutumia hadi mwezi uishe.

Kwa muuzaji wa hapa nchini, ombi la kurudishiwa liandike kabla ya kulipa: "Nikisoma nikakuta hakina nauli za mizigo kama ulivyosema, utanirudishia?" Jibu lake lihifadhi. Yule binti wa sabuni aliuliza swali hilo usiku uleule, saa tano na nusu. Alijibiwa kwa alama ya kicheko, na asubuhi yake namba ilikuwa imemzuia. Ofa, nadhani, bado inaendelea. Yeye alipanda Costa Jumatano na vipande sita vya sabuni kwenye mfuko, akashuka soko la Kilombero, Arusha, akauliza maduka manne bei wanayonunulia. Nauli ilikuwa chini ya elfu kumi na tano, na vipande viwili aliviuza hukohuko.